Mgeni Anapolitamani Trekta Lako la Zamani

Leo sitazungumza juu ya mbegu wala mbolea. Nataka tuzungumze juu ya kile chombo kilichosimama chini ya mwembe, kimeota kutu, na kuku wanataga juu ya kiti chake. Namaanisha trekta dogo la zamani. Kata za Kakese na Mwamkulu, karibu na Mpanda mjini, nimeyakuta. Bonde la Mpimbwe nimeyakuta. Lipo trekta lililonunuliwa kwa fedha ya tumbaku na baba ambaye sasa ni marehemu, na lipo ambalo hata wenyewe hawakumbuki lilifikaje.

Nimelichagua jambo hili kwa sababu siku hizi matrekta hayo yana wageni. Kiangazi kikikolea, kuanzia Agosti hadi Oktoba, gari linasimama barabarani. Mgeni anashuka, anasalimia vizuri, analizunguka trekta mara mbili, anapiga picha kwa simu, anagonga boneti kwa kidole. Halafu anauliza, "Hili mnauza?" Mwenyeji, ambaye miaka yote alikuwa anakionea aibu kile chuma, anashtuka. Kumbe kina sifa! Ni katika kushtuka huko ndipo watu wanapotaja bei ya kwanza inayowajia mdomoni.

Angalieni na majira yenyewe. Mvua kwetu Katavi ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au karibu yake. Septemba mpunga wa mwaka uliopita umekwisha kuuzwa, ada za shule zimekula fedha, na mbegu bado hazijanunuliwa. Mnunuzi anayajua hayo kuliko mnavyodhani. Hafiki Mei.

Kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe, tena nikiwa na cheti cha chuo cha kilimo mfukoni. Ilikuwa mwaka 2016, nina miaka miwili tu kazini. Mama mmoja mjane wa Mwamkulu aliniita. Mumewe alikuwa amemwachia Massey Ferguson 135, lile jekundu dogo, na lilikuwa halijaunguruma kwa miaka mitatu. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameshafika na lori na mizani. Shemeji yake mama alikuwa amekaa pembeni, amevaa shati la kwenda mjini, tayari kwa fedha.

Mama akaniambia, "Bwana shamba, wewe umesoma. Niliuze au niliache?"

Nikaliangalia. Tairi za mbele zimekufa. Betri hakuna. Nikakanyaga klachi, ikashuka, lakini gia zikagoma kuingia. Sikufungua hata kifuniko kimoja. Nikasema, "Mama, hiki ni chuma tu. Chukua fedha ukanunue mbegu na mbolea."

Mizani ya yule bwana ilisema kilo 1,200, kwa shilingi 500 kila kilo. Mama akapokea shilingi 600,000. Trekta la aina ile lina uzito unaokaribia tani moja na nusu, kwa hiyo hata kwenye mizani aliibiwa, na mimi nilisimama pale na kalamu yangu nikiandika kama hakimu.

Desemba mwaka huohuo nikapita Kakese. Nikasikia mlio. Trekta lile lile lilikuwa jarubani, na jina la marehemu lilikuwa bado limeandikwa kwa rangi nyeupe ubavuni mwa boneti. Aliyelinunua kwa yule bwana wa mizani hakujisumbua hata kulifuta. Lilikuwa linalima kwa shilingi 50,000 kwa ekari. Nikamtafuta fundi aliyelifufua. Akaniambia aliweka betri na tairi mbili za mbele, akasafisha tangi na pampu ya dizeli. Na klachi je? Akacheka. Klachi ilikuwa imeganda tu kwa kukaa. Hakubadilisha hata sahani yake.

Hebu tupige hesabu pamoja. Shilingi 600,000 ni malipo ya kulima ekari 12. Ondoeni dizeli, dereva, oili na akiba ya matengenezo. Tuseme mwenye trekta anabakiwa na 20,000 kwa ekari. Basi fedha yote aliyopewa mama ilikuwa ni faida ya ekari 30. Ekari 30 kwa trekta lile ni kazi ya siku kumi hivi, likipata udongo wenye unyevu na dereva asiye mlevi. Trekta zima kwa faida ya siku kumi!

Na yule mama? Alikodi trekta hilohilo lilime majaruba yake. Zamu yake ilifika Januari, akachelewa kupanda mpunga. Nilikwenda kumwomba radhi. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mlio ni uleule, bwana shamba."

Tangu siku hiyo nimejifunza kuwachunguza wageni hawa, na nimeona kwamba hawafanani. Mwenye mizani anatazama uzito tu. Kwake injini nzima na injini iliyopasuka ni kilo zilezile, mpaka atakapofika mbele na kuiuza injini nzima kama injini. Yupo mwingine anayetafuta spea. Huyu atakuambia trekta lako limekufa kabisa, lakini macho yake yapo kwenye pampu ya haidroliki. Yupo wa tatu, mkulima mwenzako kutoka wilaya nyingine, anayetaka kulima nalo. Huyu ndiye mara nyingi hutoa bei ya haki, kwa sababu anajua kazi yake.

Halafu kuna wa kupiga picha. Barabara ya Mpanda kwenda Sitalike inapitisha wageni waendao Hifadhi ya Taifa ya Katavi kutazama viboko na nyati, na wengine husimama njiani. Wanakijiji huniuliza, "Huyu Mzungu ametoka kwao kwenye matrekta makubwa kama nyumba, anataka nini kwenye hili bovu?" Swali hili lina jibu, na ni vizuri mlijue.

Huko Marekani na Uingereza kuna watu wanaokusanya matrekta madogo ya zamani, kama mtu mwingine anavyofuga njiwa. Wala si ya kulimia mashamba. Yapo matrekta ya bustani, madogo ya kuingia kwenye banda la mbuzi, yaliyotengenezwa kwa ajili ya kukata nyasi za uani na kulima mboga nyuma ya nyumba. Yapo yanayoitwa Wheel Horse, ambayo kampuni yake ilianza mwaka 1946 huko South Bend, jimbo la Indiana. Yapo yanayoitwa Cub Cadet, ambayo kampuni ya International Harvester ilianza kuyauza mwaka 1961. Mtu analifungua lote, msumari kwa msumari, analisafisha, analipaka rangi ileile ya kiwandani, analipeleka kwenye maonyesho, analiwasha, na wenzake wanasimama kusikiliza mlio. Nilipoelezwa mara ya kwanza nilicheka. Halafu nikamkumbuka yule mama wa Mwamkulu, nikaacha kucheka.

Watu hao wanapenda sana na mashine za Ferguson. Harry Ferguson, mtu wa Ireland, ndiye aliyeeneza ule mtindo wa kufunga plau nyuma ya trekta kwa mikono mitatu inayonyanyuliwa na haidroliki, mtindo ambao leo karibu kila trekta duniani linautumia. Trekta lake dogo la kijivu, TE20, lilitengenezwa mjini Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, na yalitoka zaidi ya nusu milioni. Januari 1958 Edmund Hillary na wenzake walifika Ncha ya Kusini ya dunia, kwenye barafu tupu, wakiendesha matrekta ya namna hiyo yaliyofungwa minyororo. Massey Ferguson 35 ni mtoto wake. Massey Ferguson 135, lililotengenezwa Uingereza kuanzia 1964, ni mjukuu. Kwa hiyo mgeni anapopiga magoti chini ya mwembe wako kutafuta namba, hajarogwa. Ameona ukoo anaoujua.

Kwetu sisi mkulima, ukoo huo una maana nyingine kabisa. Injini ya Perkins yenye pistoni tatu iliyomo ndani ya 135 ni injini nyepesi kwa fundi wa kijijini: haina kompyuta, haina waya nyingi, na spea zake bado zinatengenezwa India na Pakistan, kwa sababu matrekta ya mtindo huohuo yaliendelea kuundwa huko. Trekta jipya la leo likiharibika kifaa chake cha umeme linaweza kukaa msimu mzima likisubiri. Hili la zamani linasubiri fundi tu.

Wageni na matrekta si jambo jipya upande huu wa nchi. Reli yetu inayotoka Kaliua kuja Mpanda ilifika mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi. Huko juu yake, kwenye reli ya kati, ipo Urambo, na Urambo ilikuwa sehemu ya ule mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Walileta matrekta yaliyobaki vitani. Vifaru vya vita, aina ya Sherman, viligeuzwa kuwa matrekta! Kule Kongwa udongo wa kiangazi ulikuwa mgumu kama saruji ukayala majembe yao, na mwaka 1951 mpango ukafungwa. Wazee walioona zile mashine zikigeuka chuma chakavu wakiwa watoto ndio hao waliokuja kununua trekta moja dogo kwa fedha zao wenyewe na kulitunza miaka arobaini. Ndiyo maana mzee anapokataa kuuza, vijana msiharakishe kusema amepitwa na wakati.

Sasa, mgeni amefika. Utafanya nini?

Usitaje bei siku hiyo. Mkaribishe, mpe maji, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mwambie arudi baada ya wiki. Mnunuzi wa kweli atarudi. Anayesema "leo leo, lori linaondoka" anajua kitu ambacho wewe hujakijua.

Katika wiki hiyo tafuta namba. Kwenye 135 kuna kibati kidogo cha chuma karibu na usukani, chenye namba ya trekta. Injini nayo ina namba yake iliyogongwa ubavuni. Futa kwa kitambaa chenye dizeli, usikwangue kwa panga. Andika namba zote mbili kwenye daftari, weka pamoja na kadi ya usajili. Mali bila daftari huisha bila habari, na mimi nimeona hata kibati chenyewe kikiondoka: kijana alimwuzia mgeni kibati peke yake kwa shilingi elfu tano, akidhani amemwona mjinga. Bila kibati trekta linakuwa kama mtu asiye na jina; anayetaka kulinunua kwa halali anaogopa, asijekuwa ananunua la wizi.

Mlete fundi asiyefahamiana na mnunuzi. Mlipe nauli na siku yake. Afungue, aangalie kama injini inazunguka kwa mkono, aangalie oili kama imeingia maji, akwambie kwa fedha ngapi linaweza kutembea. Fedha hiyo ya fundi ndiyo ambayo mimi ningemshauri mama wa Mwamkulu aitoe, kama ningekuwa na akili ya leo.

Mwenyewe akiwa amefariki, jambo ni zito zaidi. Trekta ni mali ya mirathi. Shemeji hawezi kuliuza, mtoto mkubwa hawezi kuliuza, hata mjane peke yake hawezi, mpaka awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kwa watu wengi wa vijijini Mahakama ya Mwanzo inatosha. Kinamama, msione haya kulisema hili mbele ya mnunuzi. Wengi wao wakisikia neno mahakama wanakumbuka ghafla kwamba wana safari.

Mkikubaliana kuuza, muuze kwa maandishi, mbele ya mtendaji wa kijiji na mashahidi wa pande zote mbili, na usajili ubadilishwe jina. Trekta likiua mtu barabarani bado lina jina lako, utatafutwa wewe. Na huyo wa vyuma chakavu anatakiwa awe na kibali cha kufanya biashara hiyo. Mwombe akuonyeshe. Kama mnauza kwa kilo, na mizani iwe ile inayojulikana, wala si ya kwake.

Juu ya picha, mimi sina ugomvi nazo. Picha haipunguzi oili. Lakini picha ya siku hizi haikai kwenye albamu. Inaingia kwenye simu za watu elfu kwa usiku mmoja, pamoja na jina la kijiji, na kesho madalali wanajua pa kufika. Una haki ya kusema apige trekta lakini asitaje mahali. Una haki ya kukataa watoto wako wasipigwe. Na usiruhusu mtu afungue kitu "kwa kujaribu tu". Mzee mmoja wa Kakese alimruhusu, na jioni akakuta injekta mbili hazipo.

Huyo huyo mzee, hata hivyo, anaye mgeni mwingine anayemsifu mpaka leo. Alikuwa mtalii wa makamo, alijua kila bolti ya lile trekta. Alipewa uji, akakaa mpaka saa nane. Hakununua kitu. Miezi michache baadaye kilifika kifurushi posta ya Mpanda: kitabu cha matengenezo cha trekta lile, chenye michoro, na gasketi mpya. Kitabu ni cha Kiingereza, lakini michoro haina lugha, na fundi wa pale anakitumia kwa matrekta ya kata nzima. Kwa hiyo mimi sisemi mfukuzeni kila mgeni. Wapo wanaojua mashine yako kukuliko wewe; waulizeni maswali, waandikieni.

Wenye pawatila nanyi msidhani hayawahusu. Zile za magurudumu mawili ziliingia kwa wingi baada ya Kilimo Kwanza, mwaka 2009, na nyingi zimelala. Baadhi zililazwa na ukosefu wa spea, nyingine zililazwa na sisi wenyewe: tuliziingiza kwenye mbuga kavu zikarukaruka kama ndama, mikanda ikakatika, watu wakasema mashine ni mbaya. Pawatila ni ya jaruba lenye maji au udongo ulionyweshewa. Wanunuzi wa kilo wameanza kuzizunguka nazo. Kabla hujauza, jaza maji kwenye tangi lake la kupoozea, badilisha oili na mikanda, uone.

Nimalizie na utunzaji, maana Oktoba imekaribia na barua nyingi zimeuliza hilo. Trekta likiegeshwa muda mrefu, funika bomba la moshi kwa kopo, mvua isiingie kwenye pistoni. Betri iondoe, ikae ndani. Pandisha ekseli juu ya magogo, tairi zisibebe uzito. Toa maji kwenye kikombe cha chujio la dizeli, na ziba matundu ya tangi kwa kitambaa, kwa sababu nyigu hujenga humo kwa udongo na trekta hukosa dizeli bila mtu kujua sababu. Nyaya zitazameni, panya wanazipenda. Kisha kanyaga klachi mpaka chini, uikaze hapohapo kwa kipande cha mti kilichokatwa kwa kipimo, kati ya pedali na kiti. Hapo sahani haigusani na chuma, na haitaganda. Kipande cha mti tu, ndugu zangu, kisicho na bei hata senti moja. Kila mwezi kiondoe, washa injini kwa robo saa, kirudishe.

Ukitaka nije kuliangalia lako, mpe namba afisa ugani wa kata yako, au ziandike kwenye barua pamoja na jina la kijiji. Kwenye bahasha, siyo kwenye simu. Kwa leo naishia hapa. Kwaherini.